Baba anataka kutupeleka pwani, usukani ukiwa mkononi mwake

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 39, wa pili kati ya watoto watatu. Barua hii nimeiandika na kuichana mara mbili, maana kila nikianza naona kama namsema vibaya baba yangu. Naomba uisome bila kumhukumu.

Baba ana miaka 73. Aliendesha malori kwa miaka 34 hadi alipostaafu mwaka 2012, na sehemu kubwa ya miaka hiyo alipita barabara moja ya pwani, iliyochongwa ubavuni mwa majabali, bahari ikiwa chini. Tulipokuwa wadogo alikuwa akirudi nyumbani anatusimulia barabara hiyo kona kwa kona. Alizipa namba. Kona ya saba ina chemchemi inayolowesha lami hata kiangazi. Kona ya kumi na tatu ina mnara wa taa, na chini yake kuna ufuko mdogo ambako madereva walishuka kuoga maji yakishakupwa. Tumekua na barabara ambayo hatujawahi kuiona. Nakumbuka niliwahi kumuuliza bahari inafananaje ukiwa juu kule, akacheka: “Bahari ni ya utingo, mwanangu. Dereva ana barabara.”

Mwaka huu, siku moja tukiwa tumemaliza kula, alisema: “Nataka kuwaonyesha barabara yangu kabla sijachoka.” Sote tulifurahi. Kaka yangu mkubwa akatoa gari lake la viti saba. Mdogo wangu wa kike akasema atakuja na wanawe wawili, wa miaka 9 na 6. Baba akachora ramani nyuma ya karatasi ya kalenda: kilomita 260, tulale huko siku mbili, siku ya tatu turudi. Akachagua wikiendi ya mwezi mpevu. Anasema tutoke saa nane mchana, saa nne za njiani zinatosha, tufike kona ya kumi na tatu giza likiingia tuukute mwezi umekaa juu ya maji, kwa kuwa pwani ile inatazama mashariki.

Shida ni macho yake. Mwezi uliopita tulikuwa tunarudi msibani, giza linaanza kuingia, yeye anaendesha na mimi nimekaa kando yake. Mbele yetu kijana alikuwa anasukuma baiskeli yenye mzigo wa kuni, haina taa. Mimi nilimwona kitambo. Nikasubiri baba aachie mafuta. Nikatazama mguu wake: kiatu cha kahawia, kamba imefungwa fundo mara mbili, bado kimekandamiza. Nilipopiga kelele “Baba!” ndipo alipokata usukani. Kioo cha pembeni kiligusa ncha ya kuni moja. Akasema, “Nilimwona.” Hatukusemeshana tena kwa muda mrefu. Baadaye nikamwona anafuta kioo cha mbele kwa kiganja, na kioo kilikuwa safi.

Mama alikuwa nyuma. Kuhusu yule kijana hakusema neno. Aliendelea tu kumsomea baba mabango kama ilivyo kawaida yao siku hizi: “Mbele kuna tuta. Mbele kuna kona ya kushoto.” Tumezoea, tunaona ni mazungumzo ya wazee.

Niliwaeleza ndugu zangu. Kaka alinikasirikia. Anasema ukimnyang'anya mzee usukani umemzika mapema, na kwamba baba hajawahi kupata ajali katika miaka 34, mimi ni nani wa kumfundisha. Mdogo wangu yeye amesema wazi: baba akiendesha, watoto wake hawapandi. Mama nilipomuuliza akanijibu, “Mwacheni baba yenu.” Sijui kama alimaanisha tumwache aendeshe au tumwache apumzike.

Nimefikiria mengi. Kumwambia fundi aseme gari lina hitilafu. Kuficha ufunguo asubuhi ile na kukaa mimi kwenye usukani kabla hajatoka. Kuahirisha safari kila mwezi mpaka aisahau. Leseni ninayo mwaka wa 11 sasa, ila nimezoea barabara za mjini, na kusema kweli majabali yananitisha. Pia nampenda baba yangu. Sitaki safari aliyoitamani iwe ndiyo siku aliyovuliwa heshima mbele ya wajukuu. Wala sitaki kona ya kumi na tatu iwe jina la msiba wetu.

Nifanye nini?

Binti wa Dereva

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama mahali pamoja: kwenye kile kiatu cha kahawia. Uliona kitu ambacho huwezi tena kujifanya hukukiona. Hapo ombi lako la kutomhukumu baba nalielewa vizuri, na nitaliheshimu. Hujamsema vibaya. Umemsema kama mtu anayemtazama kwa upendo, na anayetazama kwa upendo huona mengi.

Kama nimekufuata sawasawa, mnayo safari moja na mizigo miwili juu yake. Kuna pwani ambayo baba anataka mwione, na kuna usukani. Ninyi watatu mmeshaifunga mizigo hiyo pamoja, kiasi kwamba kaka akisikia “usukani” anasikia “heshima”, mdogo wako akisikia “safari” anasikia “hatari”, nawe umebaki katikati unavutwa huku na huku. Kabla ya kuchagua upande, tuijaribu hiyo kamba kama kweli ina fundo.

Rudi kwenye maneno yake mwenyewe. Alisema, “Nataka kuwaonyesha barabara yangu.” Kuonyesha. Huenda kwake kuonyesha na kuendesha ni kitu kimoja, maana hajawahi kuwa pale kwa namna nyingine. Ila huenda pia hakuna aliyemuuliza. Umeniandikia mipango yenu mingi, wala sikuona mahali ambapo mtu alimwuliza mzee anataka siku ile iweje: nani akae wapi, asimulie nini, wasimame wapi.

La pili, unaamini kwamba baba hajui. Mimi sina hakika. Mtu anayefuta kioo safi anatafuta kitu cha kulaumu kisicho macho yake. Na mama yako, mwanangu! Mama yako anasoma mabango. Mmeyaita mazungumzo ya wazee, lakini nijuavyo mimi, mwanamke hamsomei mumewe aliyeendesha lori miaka 34 kwamba mbele kuna tuta, isipokuwa kama kuna siku tuta lile halikuonekana. Wewe mwenyewe umeandika “siku hizi”. Kwa hiyo kuna siku alianza. Inawezekana kabisa kwamba hawa wawili wamekuwa wakiendesha gari moja kwa macho ya mmoja na mikono ya mwingine, na kwamba unayoitunza kama siri dhidi yake ni siri ambayo wao wameitunza dhidi yenu.

Mimi si daktari, na macho ya mtu hayapimwi kwa barua. Nitakuambia tu kwa nini dalili hizo hazifai kupuuzwa. Mtoto wa jicho huifanya lenzi ya jicho kuwa na ukungu taratibu. Wengi hudhani miwani imechafuka au kioo kina vumbi, na usiku taa za gari linalokuja hutawanyika kama zimepakwa mafuta. Presha ya macho yenyewe hula uwezo wa kuona kuanzia pembeni, kimyakimya, hata mwenyewe asijue kwa muda mrefu. Na hata bila ugonjwa wowote, jicho la mzee hupitisha mwanga kidogo na huchelewa kulizoea giza. Tofauti ya mambo haya ni kubwa sana kwa familia yenu. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, lenzi ya bandia ikawekwa, na wengi hurudi kuona vizuri. Presha ya macho dawa mara nyingi huizuia isiendelee, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi. Baba anaweza kuwa yuko upasuaji mmoja tu kutoka kwenye kuendesha tena kwa haki, au anaweza kuwa amefika mwisho wa kuendesha. Ninyi mnagombania jambo hili gizani, na lina mtu wa kulipima.

Hatari ya njia hiyo nayo uijue. Ukimpeleka hospitali wiki ya safari atajua unatafuta hati ya kumnyima ufunguo. Na daktari akisema “usiendeshe tena”, safari itabadilika jina, itakuwa ya kuaga. Familia nyingine hulibeba hilo vizuri, tena huaga kwa heshima. Nyingine huvunjika njiani. Wewe unawafahamu wenu.

Kuhusu hoja ya kaka yako, kwamba mzee hajawahi kupata ajali: ni kweli, na ni sifa kubwa. Lakini sifa hiyo ni ya macho aliyokuwa nayo. Gari likienda kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde. Mguu ukichelewa sekunde mbili kwenye mafuta, gari limeshakwenda mita 33 kabla breki haijaanza kazi. Barabarani penu kijana wa baiskeli alikuwa na nafasi ya kukwepwa. Kwenye majabali upande mmoja ni mwamba, mwingine ni hewa.

Kuna jambo jingine linalonihangaisha kuliko hata giza. Baba anaijua barabara ile kwa namba. Jicho likififia, kumbukumbu huja mbele kusaidia, na dereva huanza kuendesha barabara iliyo kichwani. Ile ya kichwani kwake ni ya mwaka 2012. Barabara za pwani hazikai kama zilivyoachwa, kwa sababu maji hula chini na mvua husukuma kutoka juu. Kule California, mwezi Mei 2017, mlima uliporomoka juu ya barabara maarufu ya pwani mahali paitwapo Mud Creek, ikafungwa hadi Julai 2018, na ilipofunguliwa ilikuwa inapita juu ya kifusi chenyewe. Aliyejua kona za pale zamani alikuwa hana budi kujifunza upya. Australia, kwenye Great Ocean Road, kati ya nguzo za mawe zilizosimama baharini ambazo wasafiri huzitumia kama alama, moja ilianguka Julai 2005 watu wakiangalia. Kwa hiyo hata kabla ya kuzungumzia macho, mtu apige simu kwa wahusika wa barabara aulize: iko wazi? Kuna matengenezo? Kona ya saba bado ipo? Kazi hiyo apewe mzee. Nadhani ataifanya vizuri kuliko ninyi wote, na majibu atakayoyapata yatamfundisha mambo ambayo yakitoka kinywani mwako yangeonekana dharau.

Sasa hesabu yake ya saa nne. Kwa lori lisilosimama, sawa. Kwa gari lenye watoto wawili na bahari dirishani, sidhani. Hiyo Great Ocean Road ina kilomita 243, karibu sawa na yenu, na watu huipa siku nzima au zaidi. Ilichongwa kuanzia 1919 hadi 1932 na wanajeshi waliorudi vitani, kazi nyingi ikiwa ya sururu na koleo, ndiyo maana inazunguka kila pale jabali linapozunguka. Barabara ya pwani haina njia ya mkato. Ukitoka saa nane, ukasimama mara nne, mtoto mmoja akatapika kwenye kona ya tano, giza litawakuta hasa kwenye kipande kibaya kuliko vyote.

Hapa kuna jambo dogo ambalo huenda likakusaidia kuliko mabishano yote. Mwezi mpevu huchomoza karibu na wakati jua linapotua. Kwa pwani inayotazama mashariki, maana yake utatoka majini mwangaza wa mwisho wa jua ukiwa bado nyuma yenu. Mkitoka asubuhi, si saa nane, saa kumi jioni mtakuwa mmeshafika, gari limezimwa, watoto wamekaa chini ya mnara wa taa. Baba ataupata mwezi wake kama alivyouota, na hakuna atakayekuwa ameendesha usiku. Asubuhi nayo msiondoke mapema mno, kwa kuwa jua likiwa bado chini baharini, kila kona inayogeuka mashariki hulitia machoni, na mwenye ukungu kwenye lenzi huumia zaidi. Saa tatu hivi ingefaa. Kwa mabadiliko haya bado hujamnyang'anya mzee chochote.

Tena wikiendi hiyo ni ya bamvua. Maji hujaa sana na hukupwa sana kipindi cha mwezi mpevu, na ule ufuko mdogo chini ya kona ya kumi na tatu unaweza kuwa mpana mchana na ukamezwa wote jioni. Tafuteni jedwali la maji la eneo hilo. Toka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika kidogo, na kila siku nyakati husogea mbele karibu dakika 50. Msiwateremshe watoto kule bila kujua maji yanakwenda au yanarudi. Hili nalo baba analijua kuliko wewe, mwulize.

Turudi kwenye usukani wenyewe, maana najua ndio unaousubiri.

Mnaweza kumwacha aendeshe njia yote. Kaka yako atatulia, mdogo wako atabaki nyumbani na watoto, na wewe utakaa kiti cha mbele unatazama kiatu kwa kilomita 260. Sioni pwani yoyote katika hiyo. Nitakuwa mkweli pia kwamba mdogo wako ana hoja nzito: watoto wa miaka 9 na 6 hupanda gari wanalopandishwa, na yule kijana wa baiskeli naye hakuulizwa.

Unaweza kuendesha wewe yote. Lakini umeniambia majabali yanakutisha, na umedhani kwamba macho mazima yanatosha kukufanya dereva wa pale. Gari la viti saba lililojaa, kwenye mteremko mrefu, halishikwi kwa breki peke yake. Breki hupata moto, hulegea, na kanyagio huanza kwenda chini bila jibu. Unashuka kwa gia ndogo, unaiacha injini ishike mzigo. Umewahi kufanya hivyo? Mtu aliyelifanya kwa miaka 34 anakaa nyumbani kwenu. Ungeweza kumwomba, wiki mbili kabla, akupeleke kwenye kilima chochote kilicho karibu, akukalie kando, akufundishe. Ombi hilo halina hila ndani yake, kwa sababu kweli unahitaji kujua. Hatari yake ni kwamba walimu wengine hupiga kelele katikati ya kona, na wewe mwenyewe ndiye unayejua kama baba ni wa aina hiyo. Na kwa dereva wa miaka mingi, kukaa kiti cha utingo si jambo dogo. Usilichukulie kama zawadi unayompa. Alikuambia bahari ni ya utingo. Huenda siku moja akakaa upande ule na kuitazama, huenda pia asiweze kuitazama kwa uchungu. Yote mawili yawezekana kwa mtu mmoja, tena siku moja.

Mnaweza kugawana. Yeye aendeshe kipande cha tambarare asubuhi, wewe au kaka mpokee kabla ya majabali. Inavutia, na wengi hupenda suluhisho hili kwa kuwa kila mtu hupata kitu. Mimi naliogopa kidogo, kwa sababu mbili. Jicho ambalo halikumwona mwenye baiskeli jioni sijui litaona nini mchana, na hilo ni la daktari kusema, si mimi wala ninyi. Pili, mahali pa kubadilishana ndipo ugomvi ulipojificha. Mzee akishakolea na safari atasema “bado kidogo”, na nani atamkatalia akiwa tayari ameshika usukani? Mkilichagua hili, sehemu ya kubadilishana ipangwe na yeye mwenyewe kwenye ile karatasi ya kalenda, aiandike kwa mkono wake. Na kaka asome bima ya gari lake, maana nyingine huweka masharti juu ya umri wa dereva au hutaka anayeendesha awe ametajwa.

Kuna njia ambayo hukuitaja: kumtafuta dereva wa kazi anayepita barabara ile leo. Ni gharama, na mgeni ndani ya gari la familia hubadilisha mazungumzo. Lakini madereva wana heshima yao wenyewe kwa wenyewe. Nimewahi kuona mzee aliyekataa katakata kuendeshwa na mwanawe akampisha dereva mwenzake bila neno, kisha wakazungumza malori njia nzima. Kaka yako naye angepata nafasi ya kuwa mtoto kwa siku tatu, hata wewe.

Yale ya fundi kusema gari bovu na ya kuficha ufunguo sikukatalii kwa ukali, natambua yametoka kwenye hofu. Ila mzee atafunua boneti. Miaka 34! Ataona hakuna kitu, na kuanzia siku hiyo kila utakachomwambia kuhusu macho yake atakiona ni mwendelezo wa njama. Zaidi ya hapo, ukimficha ufunguo umemnyima nafasi ya kukukabidhi. Simaanishi atakukabidhi. Namaanisha kwamba mpaka sasa hajapata kuombwa na mtu aliyemwambia ukweli.

Ukweli huo uwe mdogo na uwe wako. Usimwambie “huoni”. Mwambie kilichotokea kwako: “Baba, siku ile ya msiba niliogopa. Nilimwona yule kijana mapema nikasubiri, na nimeshindwa kulala tangu hapo.” Kisha nyamaza. Mkiwa wawili, si mezani mbele ya wajukuu, wala si ndani ya gari. Anaweza kukasirika, anaweza kusema tena “Nilimwona”. Usibishane juu ya kama alimwona. Mwulize angetaka barabara yake muione vipi kama angekuwa na uhuru wa kuangalia dirishani.

Lakini kabla ya baba, na kabla hujarudi kwa kaka yako, nenda kwa mama. Usimuulize tena kama baba aendeshe au asiendeshe. Alishakujibu kwa neno lenye milango miwili, na nadhani alifanya hivyo makusudi. Muulize alianza lini kusoma mabango, na ilikuwaje siku ile ya kwanza. Kaa naye akiwa na kazi mikononi, ili asilazimike kukutazama. Huenda akakuambia baba alimwomba. Huenda akakuambia baba hajui kwa nini anasomewa. Majibu hayo mawili yanaongoza kwenye mazungumzo mawili tofauti kabisa na mzee, na kwa sasa mimi na wewe hatujui ni lipi.

Mkienda, kwa njia yoyote mtakayoichagua, niandikie. Nataka kujua kama chemchemi ya kona ya saba bado inalowesha lami, na nani aliyewaonyesha.